Mkulima wa Kike wa Unguja na Nasaba Yake

Tukitoka mjini leo kwa njia ya Bububu, au tukielekea Mwera na kupita mbele yake, tutaona mikarafuu na minazi pande zote. Tukimwuliza mzee wa mahali shamba fulani lilikuwa la nani hapo zamani, atatujibu mara moja kwa jina la mwenyewe, na la baba yake, na pengine la babu yake aliyevuka bahari kutoka Omani. Lakini tukimwuliza ni nani aliyelipalilia, atanyamaza kidogo, kisha atasema, "Watu tu, mwanangu." Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya mmoja katika hao watu tu, naye ni mwanamke.

Mwanamke huyo ni mama yake bibi yangu mzaa baba. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa wajukuu wake wengine wangali hai, nao hawakunipa ruhusa. Nilipokuwa mtoto niliyajua mambo matatu tu juu yake: ya kwamba alizaliwa mwaka wa tufani, ya kwamba alikuwa na koonde la muhogo alilopewa na Bi Mkubwa, na ya kwamba hakuna aliyemshinda kwa kuchuma karafuu. Sisi watoto tulidhani Bi Mkubwa huyo ni dada yake mkubwa au shangazi yake. Hakuna mtu mzima aliyetusahihisha. Nilipokuwa mwalimu, na wanafunzi wangu wakaniuliza historia ya Unguja ni ya masultani peke yao au ni ya watu wote, niliona aibu kuwafundisha habari za mashamba nami sijui habari za aliyemzaa bibi yangu. Ndipo nikaanza kumtafuta.

Kitu cha kwanza ni umri. Watu wa shamba wa zamani hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, bali kwa mambo makubwa yaliyowapata. Na mambo hayo tarehe zake zimeandikwa, kwa hiyo mtu akisema alizaliwa wakati wa jambo fulani huwa ametupa tarehe bila yeye mwenyewe kujua. Kipindupindu kiliingia Unguja mwaka 1858 na 1859, kikarudi mwaka 1869 na 1870, na daktari mmoja, James Christie, aliyekuwapo mjini wakati ule, aliandika kitabu kizima juu yake. Seyyid Said alifariki mwaka 1856. Mizinga ya Waingereza iliipiga nyumba ya mfalme tarehe 27 Agosti 1896. Na tufani, ambayo ndiyo kubwa kwetu sisi, ilivuma tarehe 15 Aprili 1872.

Naomba nikae kidogo juu ya tufani hiyo, maana bila ya kuielewa hatutaelewa maisha ya mkulima wa Unguja baada yake. Upepo ulivunja vyombo bandarini, ukaezua nyumba, na ukang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa hiki. Pemba haikupata hasara kama hiyo. Mkarafuu si mhindi, hata mtu akapanda leo akavuna baada ya miezi minne. Huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vema. Basi wenye mashamba wa Unguja walibaki na ardhi tupu na deni. Wengi walikwisha kuweka mashamba rahani kwa matajiri wa Kihindi, na sasa hawakuwa na cha kulipia. Tangu hapo Pemba ikawa mbele ya Unguja kwa karafuu, na watu wengi wa mashamba walihamishwa kupelekwa huko, mume akaondolewa kwa mkewe na mama kwa watoto wake. Mtoto aliyezaliwa Unguja mwaka ule alizaliwa katika shamba lililolala chini. Kazi ya utoto wake ilikuwa kuchota maji ya kunyweshea miche.

Basi nilikuwa na mwaka: 1872. Nikataka jina, na hapo ndipo shida ilipoanza. Jina la mtu wa shamba mara nyingi halitupi kabila lake wala baba yake. Watumwa walipewa majina na mabwana zao, na majina hayo yalikuwa ya bahati, ya siku, ya manukato, au ya tabia: Baraka, Faida, Bahati, Juma, Zafarani, Subira. Mwimbaji mashuhuri Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 katika nyumba ya wakulima na wafinyanzi, aliitwa kwanza Mtumwa. Baba yake asili yake ni Unyamwezi na mama yake Uzigua, lakini hakuna mtu awezaye kulijua hilo kwa kulisoma jina lake. Yeye alipata sifa, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Wenzake waliokwenda naye mjini kwa miguu kuuza vyungu hawakupata mwandishi.

Tena kuna shida ya herufi. Makadhi na makarani wa Kiarabu waliandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo asili yake hazina p wala ch wala v. Mwanamke aitwaye Pili aweza kuandikwa kana kwamba ni Bili. Karani wa Kiingereza naye aliandika alivyosikia kwa sikio lake, na huyo huyo mwanamke akamwandika kwa namna mbili katika ukurasa mmoja. Kwa hiyo mtafutaji asilitafute jina kwa jicho tu. Na alitamke kwa sauti, kisha ajiulize mgeni angeliandikaje.

Nilianza mahali pasipopasa, nami nawaambia ili msipoteze siku kama nilivyozipoteza mimi. Kwa kuwa nyumba yetu ni ya watu wa misheni, ami zangu waliamini kwamba mama huyo alikuwa mateka wa Mbweni. Pengine wako wasiolijua neno hili kwa maana yake ya zamani. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia kusafirisha watumwa kwa bahari na kulifunga soko la watumwa lililokuwa Mkunazini, mahali ambapo sasa lipo kanisa kuu. Jiwe lake la kwanza liliwekwa siku ya Krismasi mwaka ule ule. Baada ya hapo manowari za Kiingereza zilikamata majahazi yaliyoendelea na biashara hiyo kwa siri, na watu walioshushwa humo waliitwa mateka. Wengine walipewa misheni. Misheni ya Vyuo Vikuu ilikuwa imenunua shamba la Mbweni mwaka 1871, na huko mateka walipewa nyumba na sehemu za kulima, wakaoana, wakabatizwa, na watoto wa kike wakasomeshwa na Bibi Caroline Thackeray kwa miaka mingi sana. Daftari za ubatizo na ndoa za mahali kama hapo ni hazina kwa mtafutaji. Zinaandika siku, jina jipya, na wasimamizi.

Nilizisoma jina kwa jina. Babu yangu nilimwona, na wazazi wake pia. Mama yake bibi sikumwona. Nilirudi mara ya pili nikidhani nimepitiwa, kisha nikatambua kosa letu: tulikuwa tumeichukua habari ya upande mmoja wa ukoo tukaivika upande wa pili, kwa kuwa ilikuwa habari ya heshima zaidi. Mateka alikuwa mtu aliyeokolewa baharini. Lakini mtu aliyezaliwa shambani Unguja mwaka 1872 hakuvushwa bahari yoyote.

Iliyobaki ni daftari za Serikali, ambazo nyingi zimewekwa katika Nyumba ya Nyaraka iliyoko Kilimani. Ya kale kabisa inayotaja watumwa wengi kwa majina ni ile iliyoandikwa siku za Balozi wa Kiingereza, Kanali Rigby, mwaka 1860 na 1861. Rigby alisema kwamba Wahindi wote wa Unguja wako chini ya ulinzi wa Uingereza, na kwa sheria ya Uingereza hakuna raia wake aruhusiwaye kumiliki mtumwa. Basi akawalazimisha kuwaachilia. Watu zaidi ya 5,000 walipewa uhuru wao hivyo, na majina yao yakaandikwa, pamoja na kabila, umri wa kukisia, na jina la aliyekuwa bwana. Humo mna Wanyasa, Wayao, Wazaramo, Wangindo, na wengineo. Ukilisoma daftari hilo utaona nusu ya bara imelala humo ndani. Lakini angalia jambo moja: ni watumwa wa Wahindi tu. Mtumwa wa Mwarabu au wa Mswahili hayumo, hata kama alikuwa akilala nyumba ya jirani. Kwa hiyo mtu asipomwona nyanya yake humo asiseme hakuwako duniani.

Tukashuka basi hadi miaka ya 1890. Mwaka 1889 Seyyid Khalifa alikubali kwamba watoto watakaozaliwa tangu tarehe 1 Januari 1890 watakuwa huru, lakini jambo hilo halikutangazwa sana, na watu wa mashamba hawakulisikia. Tarehe 1 Agosti 1890 Seyyid Ali bin Said alikataza kuuza na kununua watumwa. Kisha tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa sheria ya kuifuta hali ya utumwa mbele ya mahakama zote za Unguja na Pemba.

Watoto wa shule husoma maneno hayo na kudhani kwamba asubuhi ya tarehe 7 watu wote waliamka huru. Haikuwa hivyo. Sheria ilisema mahakama isimlazimishe tena mtu kwa ajili ya utumwa wake. Lakini aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe mahakamani akauombe, na baada ya kuupata aonyeshe kwamba anayo makao na njia ya kujilisha, la sivyo aweza kuhesabiwa kuwa mzururaji. Bwana wake, akithibitisha haki yake, alilipwa fidia na Serikali. Mtumwa mwenyewe hakulipwa kitu. Tena masuria walitengwa: sheria iliwahesabu kama wake, na suria hakuweza kudai uhuru ila kwa kuthibitisha kwamba amefanyiwa ukatili. Hao walingoja mpaka sheria ya mwaka 1909, ya Seyyid Ali bin Hamoud, na hata hapo aliyemwacha bwana wake alihatarisha kupoteza haki ya kukaa na watoto wake.

Fikirini hali ya mwanamke wa shambani. Nyumba yake ni ya udongo na makuti, nayo iko katika ardhi ya bwana. Kwa desturi alikuwa na siku mbili zake mwenyewe katika wiki, Alhamisi na Ijumaa, za kulima koonde lake. Siku nyingine ni za bwana. Wakati wa mavuno huchuma tangu alfajiri, na jioni huketi na kuchambua karafuu kutoka katika makonyo, kisha huanikwa juani juu ya majamvi, na zile alizochuma hupimwa kwa pishi. Akienda mjini kuomba cheti cha uhuru, je, akirudi atalala wapi? Ndiyo sababu wengi hawakwenda. Wengine walikaa na kupatana na wenye mashamba: wafanye kazi siku tatu katika wiki, nao waachiwe nyumba na makonde yao. Wengine walitaka uhuru kutoka kwa mkono wa bwana mwenyewe, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, kwa kuwa waliona huo ndio uhuru wenye heshima mbele ya jirani, na cha mahakama ni karatasi tu. Watu hao wote hawamo katika daftari za mahakama. Mimi nasema wazi kwamba hesabu ya vyeti si hesabu ya uhuru.

Mama yake bibi yangu alikwenda. Sijui kilichompa moyo. Nililisoma jina lake katika orodha za miaka ile, na kwanza nilifurahi, kisha furaha ikapungua, maana wanawake wenye jina lile walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa wa Pemba, nami nikamwacha. Wa pili alikisiwa kuwa na miaka hamsini katika mwaka 1898. Wa tatu alikuwa wa Unguja, mwaka 1899, umri miaka thelathini.

Hapo ndugu zangu wengine wangesema si yeye, kwa kuwa aliyezaliwa mwaka 1872 angekuwa na miaka ishirini na saba. Lakini tazameni hizo tarakimu wenyewe: hamsini, thelathini, na katika ukurasa ule ule ishirini, na arobaini. Karani alimtazama mtu usoni akakata kwa makumi. Hakuna kijiji chenye watu wenye umri wa makumi matupu. Mwanamke aliyefanya kazi juani tangu utoto, akiwa na miaka ishirini na saba, huonekana kuwa na thelathini bila shaka yoyote. Kati ya tarehe ya karani na tufani ya bibi, mimi naiamini tufani.

Kilichonishtua hakikuwa umri. Mahali palipoandikwa jina la mwenyewe palikuwa na jina la mwanamke. Nililitazama muda mrefu. Basi huyo ndiye Bi Mkubwa.

Nilihisi kama mtu aliyevuliwa kofia mbele ya watu. Miaka yote tulimtaja Bi Mkubwa kwa upole kama mtu wa damu yetu, aliyempa mama yetu koonde la muhogo kwa mapenzi. Kumbe ni mmiliki wake, na koonde ni lile la Alhamisi na Ijumaa ambalo kila mtu wa shamba alikuwa nalo. Wala sisemi kwamba hapakuwa na mapenzi. Huenda yalikuwapo. Lakini bibi alijua tofauti, nami naamini aliinyamaza makusudi, ili sisi tukue bila ya kuinamisha vichwa.

Wanawake wenye mashamba hawakuwa wachache katika kisiwa hiki, na sababu yake ni sheria ya mirathi. Katika sheria ya Kiislamu binti hurithi nusu ya fungu la ndugu yake mwanamume, na mjane hupata thumni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Basi shamba kubwa likagawanyika kizazi baada ya kizazi, na wanawake wakawa na mafungu yao, na watu waliokuwa juu ya mafungu hayo wakagawanywa pamoja na miti. Hati za ardhi zinaonyesha hayo. Hati ya zamani haina ramani. Hutaja mpaka wa kila upande kwa jina la jirani: upande huu shamba la fulani, upande huu njia, upande huu mto. Mara nyingine hutaja idadi ya mikarafuu na minazi, kwa kuwa mtu aweza kumiliki miti asimiliki ardhi. Kwa kufuata jina la Bi Mkubwa katika hati za mauzo na za rahani, niliweza kujua shamba lilikuwa upande gani wa kisiwa na majirani walikuwa nani. Nilimtafuta mtumwa nikamwona kwa kupitia deni la mwenyewe! Jambo hili ni la ajabu lakini ndilo la kawaida: maskini huandikwa pale tajiri anapokopa, anaporithi, au anapogombana.

Kwa ajili ya hao wanaotaka kuendelea na kazi hii nataja pahala pawili pengine. La kwanza ni daftari za wakfu. Waarabu wengi wa Unguja, walipokaribia kufa, waliweka wakfu shamba au nyumba kwa ajili ya watumwa wao walioachwa huru na vizazi vyao, ili wakae humo wala pasiuzwe. Tangu mwaka 1905 Serikali iliweka Kamisheni ya kusimamia wakfu, na mtu aliyedai haki ya kukaa ilimpasa kuthibitisha kwamba yeye ni mtoto au mjukuu wa mtu aliyetajwa. Kwa hiyo mna nasaba humo, zimetamkwa na wenyewe, na mara nyingi mwenye kuzitamka ni mwanamke mzee anayetetea paa lake. La pili ni kesi za mirathi mbele ya makadhi. Katika sheria, mtu aliyeachwa huru akifa bila ya warithi, aliyemwacha huru au jamaa zake wana haki ya kumrithi. Basi mkulima wa kike akifa na akaacha nyumba, mbuzi wawili na mikarafuu kumi, walitokea watu wa mjini kudai, na watoto wake, ikiwa wapo, walikuja kusema, "Sisi ndio wanawe, na baba yetu ni fulani, na ndoa ilifungwa mahali fulani." Kesi ndogo kama hiyo yaweza kutupa jina la mume, la watoto, na la mashahidi wa kijiji kizima.

Msidhani kwamba ni maskini wa shambani tu ambao nasaba zao hukatika. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alirithi mashamba ya karafuu na aliyapenda sana maisha ya shamba. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1886 Salme anasimulia kwamba mama yake alitoka nchi ya Wacherkasi, nyumba ya mkulima mwenye watoto watatu. Vita vikaingia, wazazi wakauawa, na yeye akafika katika nyumba ya Seyyid Said akiwa mtoto wa miaka saba au minane, akang'oka jino lake la kwanza huko huko. Alikufa kwa kipindupindu mwaka 1859. Huyu ni suria wa mfalme na mama wa binti mfalme, na bado yote tunayoyajua juu ya wazazi wake ni yale machache aliyoweza kuyakumbuka mtoto wa miaka saba, akamwambia bintiye.

Na yuko mama mwingine ambaye sina budi kumtaja, ingawa hakufika Unguja. Binti yake aliitwa Swema, Myao kutoka nchi zilizo karibu na Ziwa Nyasa. Baba alikuwa mwindaji, akauawa na simba. Mama alibaki akilima peke yake, akakopa mtama, mavuno yakawa mabaya, akashindwa kulipa. Mdai akamchukua mtoto badala ya mtama, akauzwa kwa watu wa msafara. Mama akaomba aende naye, akabeba pembe ya ndovu kama mpagazi ili asitengane na mwanawe, mpaka nguvu zikamwishia njiani. Swema alifikishwa Unguja mwaka 1865, dhaifu hata wakadhani amekufa, wakamfukia. Mtu aliyepita alisikia kilio kutoka mchangani, akamfukua, akampeleka misheni ya Wafaransa. Padre Horner aliyaandika maneno yake. Na katika mwaka 1983 mwanahistoria wa Marekani, Edward Alpers, aliyachunguza tena. Mama yake hayumo katika daftari la balozi yeyote, wala la mahakama, wala la wakfu. Yumo katika kinywa cha mtoto wake tu. Kila nikisoma habari ya mtama ule ulioazimwa, nakumbuka kwamba deni dogo la mkulima mmoja limemfikisha mtoto wake hapa petu.

Basi nirudi kwetu. Nilipokwisha kukusanya niliyoyakusanya, nilimwendea ami yangu, mtoto wa mwisho wa bibi, ambaye tangu mwanzo aliniambia, "Mwanangu, mambo hayo yaache yalale." Nilimsomea polepole: jina, mwaka, mwenyewe, shamba, na mipaka yake. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinama, akichora ardhi kwa fimbo yake. Nilipolitaja jina la Bi Mkubwa hakushangaa. Nikamwambia, "Ami, kumbe ulijua?" Akajibu, "Tulijua sote. Mama alitukataza kulisema mbele yenu."

Kisha akaniuliza upande mmoja wa mpaka ulikuwa nini, nami nikasoma tena: mto. Akasema mto ule anaujua, maana mama yake alimchukua huko mara moja alipokuwa mdogo, akamwonyesha mwembe mmoja akamwambia, "Hapa ndipo mama yangu alipokuwa akipumzika na kikapu chake." Siku ya Ijumaa iliyofuata tulikwenda pamoja, yeye mbele na mimi nyuma. Mikarafuu ya zamani haipo, watu wamepanda migomba na muhogo. Tuliomba ruhusa kwa kijana mwenye shamba, naye akatukaribisha maji ya dafu. Ami alizunguka kwa muda mrefu kando ya mto akitazama juu, kisha akasimama chini ya mwembe mkubwa uliopasuka shina, akavua viatu, akaketi.